Doa la Rangi ya Kucha

Vizuri hukuja Desemba, Aikaeli.
Desemba kila mtu amepanda kwa wazazi,
kuna kipaimara Kilema, harusi Machame,
kuna kaburi la babu linalojengewa,
na mwenye kamera, hata ya ovyo,
hujiona ana duka la dhahabu.
Sasa ni wiki ya ada.
Sasa wanakuja wenyewe, hapa nyuma ya stendi,
wameifunga mashine kwa taulo kama kichanga,
hawakutazami usoni.
Mtu wa namna hiyo usimkandamize.
Mpe bei ambayo mkikutana kanisani
hutageuza shingo.

Haya, shika hii. Washa tochi ya simu,
mulika kwa nyuma, chungulia kwa mbele.
Vumbi? Vumbi si neno, Moshi nani hana vumbi.
Kiangazi majivu ya miwa huja kutoka TPC
yakatua kwenye nguo ulizoanika, sembuse kioo.
Unachokitafuta ni utando,
nyuzi kama za buibui aliyeanza kazi akaghairi.
Hiyo ni kuvu. Kuvu hailipiwi,
hata muuzaji aape kwa jina la mama yake.

Zungusha pete. Sikiliza kabla ya kutazama.
Ikikwaruza imekula mchanga,
ikilegea ilishaanguka na hawakukuambia,
ikienda kama mwiko kwenye mtori uliopoa kidogo,
nyamaza, usioneshe furaha.

Bodi nayo ina umri, na haufutiki kwa kitambaa.
Uliza shata imepigwa mara ngapi.
Elfu ishirini, bado inanyonya.
Laki mbili, inaomba kustaafu:
ichukue ukitaka, ila kwa bei ya mstaafu.

Masika usiifungie kabatini.
Giza na unyevu ndilo shamba la kuvu.
Vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya
watu hutupa; wewe vitie kwenye begi.
Usipulize kwa mdomo. Usifute kwa pindo la fulana,
nimekuona ukifanya hivyo sasa hivi.
Nenda duka la dawa,
nunua ile pampu ya kuvutia kamasi za watoto,
pulizia hiyo.
Na ukishuka mlimani na wageni,
wakikulilia picha ya mwisho pale geti la Mweka,
liache begi limefungwa kwanza, lipate joto taratibu.
Kioo cha baridi kikikutana na joto ghafla hulia,
na machozi yake hukaukia ndani.

Siku ya kuuza, sema kovu kabla halijaonekana.
Ndelilio alipaka mkwaruzo kiwi ya viatu,
akauza siku ile;
hajauza tena mji huu.
Tunza boksi, tunza mfuniko,
tunza risiti hata ikififia ikawa karatasi tupu.

Sasa igeuze hiyo. Pale inapoungana na kamera,
unaona doa jekundu?
Rangi ya kucha zangu.
Lenzi hii ilikuwa ya mume wangu,
nusu ya Pasua wamepita mbele yake wamevaa koti la kuazima.
Niliiuza akiwa amelazwa KCMC,
nikaitia alama, sijui kwa nini,
kama mtu anayekata sikio la mbuzi
anayejua kabisa kwamba anamtoa zizini.
Ikaenda kwa mwalimu wa Himo,
mwalimu akampa mpagazi kwa deni,
mpagazi kwa kijana wa Majengo.
Jumatatu imerudi, ndani ya taulo.
Nikaimulika. Safi.
Pete, mtori uleule.
Kijana akataja laki tatu, nikalipa laki tatu.
Sikubishana. Mimi!
Hilo usiliige.

Kwako laki tatu na thelathini.
Thelathini ni kodi ya kibanda, usianze kunitazama hivyo.
Ukiichoka, nileteee mimi kwanza.
Na ukiisafisha,
lile doa liruke.